Bei imepanda mara nne, shilingi za Kingi Joji bado zipo

KILA bei ya madini ya fedha inapopanda duniani, maneno huwa ni yaleyale kwenye vivuko vya Ziwa Mweru. Kuanzia Kashikishi na Nchelenge upande wa Zambia hadi Kilwa na Pweto upande wa Kongo, husikika watu wakiuliza kwa sauti ya chini kama kuna mwenye shilingi za Kingi Joji, rupia, au sarafu yoyote nyeupe ya enzi za mkoloni. Mnunuzi husema uza leo, kwa kuwa kesho bei itaanguka. Muuzaji naye husema nunua leo, kwa kuwa zimebaki chache na hazitapatikana tena.

Kauli zote mbili zina lengo moja, nalo ni kumharakisha mtu asipate muda wa kupiga hesabu. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyerudi kutoka ukimbizini bila akiba nyingine zaidi ya vitu vichache alivyoachiwa na wazee, au mfanyabiashara mdogo wa mpakani anayeweka mtaji wake wa samaki kwenye kitu asichokijua. Kwa hiyo inafaa tujiulize: ikiwa kweli sarafu hizi huyeyushwa zote bei inapopanda, mbona mpaka leo zipo?

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Lugha yetu yenyewe inatuchanganya, kwa sababu fedha ni pesa na fedha ni madini. Zamani vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja: thamani ya sarafu ilikuwa ni uzito wa madini yaliyomo ndani yake. Siku hizi vimeachana. Katika makala haya, ninaposema fedha nakusudia yale madini meupe, na ninaposema sarafu nakusudia kile kipande chenye picha ya mfalme.

Mara nne bei ilivyopanda

Katika miaka 100 na kidogo iliyopita, bei ya fedha imepanda kwa kishindo mara nne ambazo zinastahili kukumbukwa.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1919 hadi 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Afrika Mashariki iliguswa moja kwa moja, kwa kuwa pesa iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa rupia, na rupia ya India ilikuwa na fedha tupu kwa takriban asilimia 92. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Fedha ilipopanda, rupia nayo ikapanda, hadi serikali ikaamua mwaka 1920 kuifunga kwenye shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Aliyekuwa na deni la rupia 1,500 alilala akidaiwa pauni 100 na kuamka akidaiwa pauni 150. Kelele zikawa nyingi. Ikaletwa florini badala ya rupia, na mwaka 1921 ikaamuliwa kuleta shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi tunayoitaja hadi leo ilizaliwa na kupanda kwa bei ya fedha.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1980. Mwanzoni mwa mwaka 1979 aunsi moja ya fedha, yaani gramu 31.1, iliuzwa kwa karibu dola 6 za Marekani. Ndugu wawili matajiri wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wamenunua fedha nyingi kupita kiasi, na ilipofika Januari 1980 bei ilikaribia dola 50. Miezi miwili tu baadaye, tarehe 27 Machi 1980, ilianguka hadi chini ya dola 11.

Mara ya tatu ilikuwa Aprili 2011, bei ilipofika karibu dola 49, kutoka dola 4 na senti kadhaa mwaka 2001. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilikuwa imerudi chini ya dola 14. Mara ya nne ni mwaka 2025. Mwezi Oktoba mwaka huo bei ilivuka dola 50, ikavunja rekodi ya mwaka 1980 na kuendelea kupanda.

Mara zote hizo watu walisema kwamba sarafu za zamani zimefika mwisho wake. Hazikufika.

Zilifikaje ziwani

Sarafu hizi hazikuletwa na upepo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kampuni ya British South Africa, iliyotawala upande wa Rhodesia ya Kaskazini hadi mwaka 1924, ilidai kodi ya kibanda, na mtu hakuweza kuilipa bila kutafuta kazi ya mshahara. Vijana wa Luapula na kandokando ya Mweru walikwenda kwenye migodi ya Katanga, na baadaye migodi ya Copperbelt. Hali kadhalika, samaki wa ziwa hili walisafirishwa kupitia Kasenga kwenda kulisha wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mshahara na malipo ya samaki yalirudi nyumbani kama sarafu.

Zilitumika kwanza sarafu za Uingereza, kisha kuanzia mwaka 1932 sarafu za Rhodesia ya Kusini, ambazo zilitumika pia Rhodesia ya Kaskazini. Mashariki yetu, Tanganyika, zilikuwepo rupia za Mjerumani na za India, kisha shilingi yenye simba. Pwani, Zanzibar na Oman, palikuwa na reale kubwa yenye picha ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka 150 baadaye. Kwa watu wa mpakani, ambao hawajawahi kuishi na pesa ya nchi moja tu, sanduku la bibi linaweza kuwa na aina zote hizo pamoja.

Kwa nini haziishi

Sababu ya kwanza ni wingi. Mtu anayeona sarafu kumi hudhani ni mali adimu, kwa sababu hajui zilipigwa ngapi. Mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria iliyoitwa Pittman, na kwa sheria hiyo dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa, nyingi zikiuzwa kwa Uingereza ili kupiga rupia za India. Hebu fikiri, msomaji: sarafu milioni 270 ndani ya tanuri. Pamoja na hayo, dola za aina hiyohiyo zinauzwa mpaka leo na hazina uadimu wowote. Uingereza nayo, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikusanya sarafu zake za fedha ili kulipa aunsi milioni 88 ilizokopa Marekani. Shilingi zilizobaki bado zinajaza mikebe ya wachuuzi wa vitu vya kale. Ama reale ya Maria Theresa, Austria bado inaipiga kwa tarehe ileile ya 1780.

Sababu ya pili ni kwamba bei kubwa huificha sarafu kabla ya kuiyeyusha. Fedha iliyomo ndani ikishazidi thamani iliyoandikwa juu, hakuna mwenye akili atakayeitumia kununulia chumvi. Ataitoa mfukoni na kuitia sandukuni, na dukani atalipa kwa sarafu mbaya. Ndiyo sababu Uingereza ilipunguza fedha kwenye sarafu zake mwaka 1920 kutoka asilimia 92.5 hadi 50, na mwaka 1947 ikaiondoa kabisa. Sarafu nzuri zilitoka sokoni, lakini hazikutoka duniani.

Sababu ya tatu ni gharama ya moto. Watu husema kuyeyusha kana kwamba ni kuchemsha maji. Sarafu ya zamani ni mchanganyiko wa fedha na shaba, na viwanda vya kutenganisha madini hayo haviko Kashikishi wala Kilwa. Chukua shilingi ya Afrika Mashariki ya kabla ya mwaka 1948. Ina uzito wa gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu. Ili kupata kilo moja ya fedha safi zinahitajika shilingi 514, zenye uzito wa kilo nne. Mtu atakusanya wapi shilingi 514 kijiji hadi kijiji, azivushe ziwa, azisafirishe hadi kiwandani, alipe gharama za kusafisha, na bado abaki na faida? Wengi wakipiga hesabu hiyo huziacha zilipo.

Mwaka 1980 viwanda vya Marekani vilizidiwa na mizigo ya watu waliotaka kuyeyusha sarafu na vyombo vya mezani. Wenye viwanda walichukua muda mrefu kumaliza foleni, na wanunuzi wakawa wanalipa chini kabisa ya thamani ya fedha iliyomo. Kabla foleni haijaisha, bei ilikuwa imeanguka. Hapa ndipo ilipo sababu ya nne: bei kubwa hudumu muda mfupi. Habari hufika kijijini ikiwa imechelewa, na aliye mbali na kiwanda huwa bado anafunga mzigo wakati wengine wamekwisha kuuza.

Sababu ya tano ni serikali zenyewe. Kuanzia Mei 1967 hadi Mei 1969 Marekani ilikataza kuyeyusha sarafu zake za fedha. Kwa miaka miwili hiyo watu walikusanya na kusubiri, na waliokwisha kuzoea kusubiri hawakuwa na haraka baadaye.

Sababu ya sita, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni kwamba sarafu ikiuzwa haifi. Sisi watu wa ziwani tunaelewa vizuri jinsi kitu kinavyokwisha. Mpumbu aliyekuwa tele zamani alivuliwa hadi akapungua sana. Chisense ikikaangwa na kuliwa imekwisha, na Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Sarafu haizaani, lakini pia hailiwi. Anayeuza amempa mwingine anayetaka kuitunza kama ilivyo, kwa kuwa uzito wake unajulikana, picha yake inajulikana, na haihitaji sonara kuieleza. Imehama sanduku tu. Bei ikipanda tena, sanduku hilo la pili nalo litafunguka. Kwa maana hiyo, bei kubwa hufanya kazi kama wavu: huzivuta juu sarafu zilizokuwa zimelala chini, na ndiyo sababu soko huonekana kuwa na sarafu nyingi wakati watu wanasema zimekwisha.

Zipo kweli zilizokwisha, au zilizokaribia kwisha. Florini ya Afrika Mashariki ya mwaka 1920 ni mfano mzuri. Ilidumu muda mfupi tu kabla ya serikali kuikusanya na kuweka shilingi mahali pake, na leo ni ngumu kuipata kuliko shilingi zilizoifuata. Iliondolewa kwa amri ya serikali iliyoipiga. Amri ya namna hiyo huziondoa sarafu kuliko bei ya sokoni inavyoweza.

Noti zilizokufa mikononi mwetu

Baadhi ya wasomaji watauliza, kama sarafu hizi si adimu, zina faida gani? Jibu liko kwenye maisha yetu wenyewe.

Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na 10 na kutoa siku chache za kuzibadilisha. Mwaka 1993 zaire mpya moja ililetwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikaletwa kwa zaire mpya laki moja. Mwanafunzi yeyote akizidisha ataona kwamba faranga moja ya mwaka 1998 ilimeza zaire bilioni 300 za mwanzo. Zambia nako, Januari 1, 2013, sufuri tatu zilikatwa kwenye kwacha, na noti za zamani zilipewa muda wa kubadilishwa kisha zikabaki karatasi.

Mimi ni mwalimu niliyesomea ukimbizini. Tuliokaa kambi za Kala, wilayani Kawambwa, na Mwange, wilayani Mporokoso, hadi zilipofungwa mwaka 2010, tunajua mtu hubeba nini anapokimbia usiku. Waliovuka ziwa Oktoba 2004, jeshi lilipoingia Kilwa na watu zaidi ya 70 wakauawa, hawakubeba nyumba wala shamba. Waliokuja baadaye Nchelenge na kupelekwa makazi ya Mantapala tangu mwaka 2018 wanaweza kusimulia hivyohivyo. Walibeba kilichoingia kwenye pindo la kitenge. Kama ilikuwa noti, mara nyingi walirudi nayo ikiwa haina kazi. Kama ilikuwa sarafu ya fedha, walirudi nayo ikiwa bado fedha.

Jambo la kushangaza ni kwamba fedha yenyewe iko chini ya miguu yetu. Mgodi wa Dikulushi, kaskazini mwa Kilwa, ulianza mwaka 2002 kutoa shaba iliyochanganyika na fedha nyingi, na mzigo wake ukivushwa ziwa kuja upande wa Nchelenge na kupakiwa kwenye malori. Sehemu kubwa ya fedha inayochimbwa duniani hupatikana hivyo, kama mgeni anayefuatana na shaba, risasi au zinki. Kwa mwaka huchimbwa takriban tani 25,000. Kwa kiwango hicho, mkoba wa shilingi hauwezi kutikisa soko la dunia, na anayekwambia kwamba Ulaya wanazisubiri za kwako anakudanganya.

Hesabu ya kumlinda mtu

Kwa mwenye sarafu, tarehe ndiyo kipimo cha kwanza, na haihitaji mashine. Sarafu za Uingereza hadi mwaka 1919 zina fedha asilimia 92.5; za mwaka 1920 hadi 1946 zina nusu; za mwaka 1947 na kuendelea hazina kitu. Za Rhodesia ya Kusini za mwaka 1932 hadi 1942 zina asilimia 92.5, za mwaka 1944 na 1946 zina nusu, kuanzia 1947 ni shaba na nikeli. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 hadi 1946 ina robo; ya mwaka 1948 na kuendelea haina. Sarafu za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland za mwaka 1955 na kuendelea, na zile za Zambia za mwaka 1964, ni nyeupe lakini hazina fedha. Kwa upande wa Kongo ya Mbelgiji, inayotafutwa ni faranga 50 ya mwaka 1944 yenye tembo, ambayo nusu yake ni fedha.

Kipimo cha pili ni kuzidisha. Uliza bei ya aunsi ya siku hiyo, kisha zidisha hivi: shilingi mbili ya Kiingereza ya asilimia 92.5 kwa 0.336, na ile ya nusu fedha kwa 0.182, rupia ya asilimia 92 kwa 0.344, reale ya Maria Theresa kwa 0.75, faranga 50 ya tembo kwa 0.28, shilingi ya Afrika Mashariki kwa 0.0625. Aunsi ikiwa dola 50, rupia ina fedha ya dola 17 na senti 20, na shilingi ya simba ina dola 3 na senti kidogo. Iliyochakaa hupungua kidogo, na mnunuzi lazima akate nauli na faida yake. Anayekupa robo ya hesabu hiyo anakuibia. Anayetaka umpe mara kumi ya hesabu hiyo, akisimulia habari za rupia ya Mjerumani yenye maajabu, naye anakuibia.

Msiamini sumaku peke yake. Sumaku hainasi fedha, lakini hainasi mchanganyiko wa shaba na nikeli pia. Kazi yake ni kukamata bandia za chuma. Mizani ndogo ya sonara inasaidia zaidi, kwa kuwa rupia halisi ni gramu 11.66 na reale ni gramu 28. Aidha, msizisugue kwa mchanga wala majivu ili zing'ae. Mkusanyaji wa sarafu hukimbia kitu kilichosuguliwa, na fedha iliyobanduka hairudi.

Mwenye njaa au ada ya mtoto auze, wala asione aibu. Akiba huwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Lakini auze kwa hesabu, na ikiwezekana asiuze siku ile ambayo kila mtu anakimbilia kuuza, kwani ndiyo siku wanunuzi hukata zaidi. Naye mfanyabiashara anayetaka kununua asikubali kutishwa kwamba hii ni nafasi ya mwisho. Nafasi ya mwisho ilitangazwa mwaka 1920, ikatangazwa 1980, ikatangazwa 2011 na 2025, na sarafu bado zinavuka ziwa.